Eda Kando ya Ghala la Tende

Sheikh Mahfoudh hakuwa mtu wa kumtoa mjane nje, na hilo alilisema mwenyewe kwa sauti iliyofika hadi kwa wanawake waliokuwa wakifua kwenye mfereji. Alisimama barazani asubuhi ile, ameligeuzia pazia mgongo kwa heshima, fimbo mkononi, akawa anazungumza na ukuta wa ghala ulio mbele yake.

"Bi Mahbuba, mie sikuja kufukuza mtu. Eda ni amri ya Mungu. Lakini eda ya mkweo inamalizika Ijumaa ya wiki ijayo. Nimehesabu mwenyewe, na imamu kahesabu. Msimamizi mpya, Bakhit, keshafika Matrah na mkewe, wanalala kwa watu. Na nyumba hii, nanyi mwajua, ni ya msimamizi."

Hakusema uongo. Zamani nyumba zilikuwa mbili, ya msimamizi na ya msaidizi wake, zilizojengwa kwa mawe na chokaa huku Ruwi, nchini Oman, na Banyani mmoja aliyekuwa akichemsha tende na kuzipeleka Bombay, kabla ghala halijawa la Sheikh. Kati ya nyumba hizo na ghala la tende ulipita mfereji wa falaj, na maji yake hayakukatika mwaka mzima. Nyumba ya pili ilibomolewa na mafuriko ya wadi, bonde la mto mkavu, zikabaki kuta tatu ambazo mbuzi walizipenda sana. Kwa hiyo nyumba ilikuwa moja, na Thabit, msimamizi aliyepewa nyumba hiyo pamoja na kazi, alikufa kwa homa ya siku tatu mwezi wa Februari, mwaka ule wa sitini na sita.

Nyuma ya pazia walikuwapo wanawake watatu, ikiwa mtoto wa miaka minane naye tutamwita mwanamke. Alikuwapo Masouda, mjane wa Thabit, anachagua mchele kwenye ungo. Alikuwapo binti yake, Muhsina. Na alikuwapo Bi Mahbuba, mama yake Thabit, ambaye alimzika mwanawe bila kuangusha kilio, na tangu siku ile hakulala usingizi wa maana kwa kufikiri watakwenda wapi. Kibali cha kuingia nchini kilikuwa kwa jina la Thabit, na mdhamini wao alikuwa huyo huyo Sheikh aliyesimama barazani. Unguja, tangu mapinduzi, hakurudiki. Majid, kaka yake Masouda, alikuwa Kuwait, keshaandikiwa barua nne na hakujibu hata moja.

"Sheikh," Bi Mahbuba akasema, "Mungu akulipe kheri. Lakini hiyo eda haimaliziki Ijumaa."

"Vipi tena? Miezi minne na siku kumi."

"Hiyo ni ya mwanamke mtupu. Mkwe wangu ana mtoto tumboni."

Mkono wa Masouda ukasita juu ya mchele. Barazani, Sheikh nusura ageuke, akakumbuka adabu, akabaki ameukodolea macho ukuta.

"Alhamdulillah! Na mmenyamaza siku zote hizi?"

"Ni haya tu, Sheikh. Mtu kafiwa, tumbo lenyewe dogo, tuliogopa kulitangaza likaja likaharibika."

Sheikh akashusha pumzi. Alikuwa mtu mwema, na watu wema ndio wepesi wa kudanganywa. "Basi akae mpaka ajifungue. Bakhit na mkewe watajibanza ghalani, hawatakufa. Yatima hatolewi nje ya nyumba yangu, hata angali tumboni."

Fimbo ikagonga ngazi, ikagonga daraja la jiwe juu ya mfereji, sauti yake ikapotelea kwenye mitende.

"Mama," Masouda akasema, "umesema nini?"

"Nimesema ulichoshindwa kusema wewe."

"Mie sina mimba. Wajua sina. Tangu Thabit afe nimeona siku zangu kila mwezi."

"Nani kakuuliza siku zako?" Bi Mahbuba akamtuma Muhsina jikoni, kisha akasogea karibu. "Nisikilize. Nimekupatia miezi mitano. Miezi mitano, Majid atakuwa keshajibu. Asipojibu, tutasema imeharibika. Mimba zinaharibika za watu walio nazo kweli, sembuse yako wewe usiye nayo."

"Na Mungu je?"

"Mungu anaona kuwa sina pa kukulaza wewe na mtoto huyu. Mwenye kuona na aone yote." Akaufuta uso kwa ncha ya kanga. "Au wataka tukalale na wale mbuzi?"

Masouda hakutaka kulala na mbuzi. Aliogopa, hilo tuliseme wazi. Alikuwa na woga wa mtu aliyekwisha kufukuzwa kwake mara moja akajua kuwa jambo hilo linawezekana. Akauchukua ungo, akaendelea kuchagua mchele, na kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa kukubali kwake.

Tumbo lilitengenezwa kwa kanga mbili za zamani zilizokunjwa na kufungwa kwa kitambaa kirefu kiunoni. Bi Mahbuba alilipima kwa macho, akalipunguza, akaliongeza, mwisho akaridhika nalo. Muhsina hakuambiwa kitu, kwa kuwa mtoto haaminiki na siri. Aliposikia habari kwa wanawake wa mfereji alirudi mbio, akamuuliza mama yake kama atakuwa mwanamume. Masouda akamwambia Mungu ndiye ajuaye.

Kila Alhamisi sasa ulikuja mfuko wa mchele na samli kidogo kutoka kwa Bi Sayyida, mke wa Sheikh. Mtumishi aliyeuleta alisema maneno yale yale: "Ya yatima hii." Bi Mahbuba aliupokea, akapika, akala vizuri. Masouda alikula kwa sababu alikuwa na njaa, na kila tonge alilolimeza lilimwambia kuwa anakula mali ya yatima, tena yatima asiyekuwapo. Hakujua dhambi hiyo inaitwaje. Hakuthubutu kumuuliza mtu.

Bakhit na mkewe wakaingia ghalani siku ya Jumamosi. Walikuwa watu wa Pemba, waliofika kwa njia ya Mombasa, na Bakhit alizijua kazi za ghala tangu ujana wake kwenye karafuu. Mkewe aliitwa Rahila, hata miaka ishirini na mbili hakufika, na yeye mimba yake ilikuwa ya kweli. Waliweka godoro pembeni, nyuma ya masufuria makubwa ya shaba ya kuchemshia tende, wakatundika gunia kuwa pazia. Ghala lilikuwa tupu bado. Lilinuka asali ya tende ya mwaka uliopita, na manyigu walikuwa na kwao kwenye boriti.

Siku ya tatu Rahila akavuka daraja, akaingia kwa mlango wa jikoni.

"Hodi, da Masouda. Nimesikia tuko sawa, nikasema nije tutazamane."

Masouda akavuta buibui. "Karibu. Kaa kitako, upumzike."

Rahila akakaa kwa shida, miguu kainyoosha. Vifundo vilikuwa vimevimba. "Mie wa mwezi wa sita. Na wewe nimeambiwa wa tano. Wako anacheza?"

"Anacheza."

"Wangu usiku halali, akamkosesha mamaye usingizi. Hebu." Akauchukua mkono wa Masouda bila kuomba, akauweka juu ya tumbo lake. Kitu kikapiga teke chini ya ngozi, kigumu, kama kisigino. Masouda akauondoa mkono haraka.

"Na mie nishike wako."

"Siku nyingine, mwanangu," Bi Mahbuba akaingilia kutoka mekoni. "Tumbo la eda halishikwi. Ndivyo tulivyolelewa sie."

Rahila, mtu wa watu, akaamini. Akaja tena kesho yake, na kesho kutwa. Alimchotea Masouda maji, kwa kuwa mwenye eda hatoki. Alimfulia nguo kwenye mfereji, na yeye mwenyewe akiwa mzito. Masouda alimkataza, naye akacheka: "Nikizaa mwanzo utanilipa kwa kunipikia uji." Masouda alianza kumpenda, na lingekuwa jambo jepesi kama asingempenda.

Mwezi wa Julai tende zikaanza kuingia. Punda walishushwa magunia kutwa kucha, na ghala likajaa mpaka godoro la Bakhit likabakiwa na upana wa watu wawili. Meko yakawashwa nje, upande wa pili wa ukuta uliokuwa kando ya godoro lao. Masufuria yalitolewa huko, yakachemka tangu alfajiri mpaka magharibi, na ukuta ule wa mawe ulishika moto hata mkono hauwezi kuugusa. Wafanyakazi walitoka nje kila saa kujitia mferejini wazima wazima na nguo zao.

Rahila akaja alasiri moja, uso mwekundu, midomo imepasuka.

"Da Masouda, nna neno. Bakhit hajui kama nimekuja kusema. Mie siombi chumba. Nnaomba huu ukumbi tu, hapa chini, niweke mkeka. Bakhit atalala kule kule, hatakanyaga huku, eda yako haitaguswa. Mie tu. Kule siwezi tena. Leo nimezimia mara mbili."

Ukumbi ulikuwa mkubwa, wa baridi, na upepo wa mfereji ulipita mlango hadi mlango. Ungeweza kulaza watu kumi. Masouda alimtazama Rahila, akatazama sakafu, akahisi fundo la kitambaa likimkaza kiunoni. Angelala wapi asionekane? Angelifungua na kulifunga lini?

"Rahila, mwanangu," akasema, na yeye hakuwa na umri wa kumwita mwanangu, "eda hii nzito. Nimeambiwa asilale mtu mwingine ndani mpaka nijifungue."

"Hata mwanamke?"

"Hata mwanamke."

Rahila akatikisa kichwa taratibu, kama anayepewa bei asiyoiweza na hataki kubishana. "Haya. Basi. Nisamehe kwa kukusumbua." Akainuka kwa kushika nguzo, akavuka daraja. Bi Mahbuba, kwa mara ya kwanza, hakumtazama mkwewe machoni. Masouda akaingia chumbani, akalia huku kauma mto, kisha akanawa uso akatoka.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, siku ya Jumapili, Bakhit kaenda Matrah na punda, pale Muhsina alipoingia mbio.

"Mama! Bi Rahila yuko chini kule ghalani. Anauma gunia."

"Kamwite mkunga," Masouda akasema. "Kimbia. Nyumba ya mwisho, ng'ambo ya mitende."

Mtoto akatoka. Masouda akafuata, na Bi Mahbuba akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Wewe waenda wapi? Wafanyakazi wako nje. Wakikuona umetoka na eda, kesho Sheikh atauliza, na akiuliza moja atauliza yote."

"Mkunga atachukua nusu saa, mama."

"Nitakwenda mie."

"Wewe huwezi hata kuinama. Nipishe."

"Masouda. Nakuomba. Twende wapi sie?"

Masouda akamsukuma. Hakumsukuma kwa nguvu, lakini alimsukuma, mama mzima yule, na akatoka juani kwa mara ya kwanza tangu Februari. Jua lilimpofusha. Akavuka daraja kwa kupapasa. Wafanyakazi wakageuza nyuso zao pembeni haraka, na mmoja akasema, "Astaghfirullah."

Ndani ya ghala palikuwa moto kama jiko. Magunia yalifika darini, na asali ya tende ilikuwa imevuja sakafuni ikanata miguuni. Rahila alikuwa kwenye upenyo kati ya magunia na ukuta wa moto, macho yamemtoka.

"Bado," alikuwa akisema, "bado, si wakati wake, da Masouda, mwambie bado."

Lakini mtoto hasubiri kuambiwa. Masouda alipiga magoti, akamshika, akamwambia asukume, akasoma kila alichokikumbuka cha Qur'ani, akakosea, akaanza upya. Mtoto akatoka upesi kuliko alivyotazamia, wa kike, mdogo, akatoa sauti nyembamba. Alikuwa amelowa, anateleza, na chini palikuwa na asali, na mchanga, na nzi. Masouda akatafuta nguo. Palikuwa na magunia matupu. Furushi la Rahila lilikuwa limetupwa juu ya rundo, hapafikiki. Buibui lake mwenyewe lilikuwa limelowa damu.

Akaingiza mkono mmoja ndani ya nguo, akafungua fundo, akazivuta kanga mbili, akamfunga mtoto.

Rahila alikuwa amejiegemeza kwa viwiko. Aliona kanga zikitoka. Akatazama tumbo la Masouda lililobaki bapa kama meza, akalitazama muda mrefu kwa mtu aliyekuwa na maumivu kama yake.

Mkunga alipofika, Masouda akalikusanya buibui mbele ya tumbo asionekane, wakamhamisha Rahila na mtoto kwenda ukumbini. Hapakuwa tena na sababu ya kukataa. Bi Mahbuba mwenyewe alitandika mkeka, akachemsha maji bila kuambiwa. Mkunga alimgeuza mtoto, akamsikiliza kifua, akakunja uso.

"Miezi saba na kitu. Wa namna hii wanapona wengine, mamaye akiwa kakaa mahali pa baridi. Huyu kapikwa."

Bakhit akafika mbio. Alimuadhinia mwanawe sikioni, akamwita Mahfoudha. Wakampiga upepo kwa zamu. Jua lilipokuwa bado halijagusa mitende, mtoto akaacha kupumua kwa utulivu ambao haukumgutusha mtu, na ilikuwa Muhsina aliyesema kwanza kwamba amelala sana.

Rahila hakukubali kulala ukumbini baada ya maziko. Alirudi ghalani. Siku ya tatu Masouda akavuka na bakuli la uji. Wafanyakazi waliinamisha vichwa, na wanawake wa mfereji, ambao walikwisha kuelezwa na mkunga kwamba mwenye eda alitoka kwa dharura ya kuokoa nafsi, walimwombea kheri yeye na tumbo lake. Bi Mahbuba alikuwa amemfunga tumbo jipya, na Masouda alikuwa ameacha afungwe, kama maiti anavyoacha.

Rahila alikuwa amelala ubavu, ameyaelekea magunia.

"Uji huu, mama. Kula kidogo."

"Weka hapo."

Masouda akaliweka. Akabaki amechutama. Hakujua maneno yanayosemwa mahali kama hapo, na kama yapo basi hakufundishwa.

"Nilikuomba ukumbi tu," Rahila akasema bila kugeuka. "Sikukuomba nyumba."

"Najua."

"Ungeniambia. Ningelala hapo nikakufunga mwenyewe kila asubuhi. Mie na wewe nani angemcheka mwenzake? Sitamwambia mtu, da Masouda. Hata Bakhit. Kaa na nyumba yako. Mie sina tena cha kukiweka ndani."

Sheikh Mahfoudh akaja Jumatano. Alipanda ngazi taratibu, akatoa salamu, akaligeuzia pazia mgongo. Mfuko wa mchele ulikuwa mkononi mwake mwenyewe safari hii.

"Bi Mahbuba, nimewaletea mchele, na nimewaletea habari. Bakhit kaacha kazi. Asubuhi hii kamchukua mkewe, wamekwenda Qurayyat kwa watu wao. Sikumzuia. Tende za mwaka huu nitazisimamia mwenyewe, mwakani Mungu mkubwa. Kwa hiyo nyumba hii haina mwenye kuitaka. Kaeni. Mkweo ajifungue kwa raha yake, na baada ya hapo akae amlee mtoto. Nimeona niliyoyaona kule ghalani, moyo wangu haukubali mtoto mwingine, tena yatima, apate taabu kando ya mfereji wangu."

Bi Mahbuba alifunika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalimtiririka. Kila kitu alichokiomba kwa miezi sita kilikuwa kimesimama barazani na mfuko wa mchele, bila hata kuombwa tena. Alimkamata Masouda mkono akaubana, kumwambia ashukuru.

Masouda akaunasua mkono. Aliingia chumbani, akakaa muda wa kufungua fundo, akarudi. Kisha akalisogeza pazia akatoka nje, akasimama mbele ya Sheikh, kati yake na ukuta wa ghala, ambapo hakuweza kutomwona.

"Masouda!" Bi Mahbuba akalia nyuma yake.

"Hakuna yatima, Sheikh," Masouda akasema. "Hakuwapo. Mchele ulioleta tumeula sie."

Sheikh alimtazama, akayashusha macho, akayainua tena. Ilimchukua muda kuelewa alichokuwa akikitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyokuja kutwambia Ijumaa."

"Ni mie," Bi Mahbuba akasema kutoka mlangoni. "Ni mie niliyesema, Sheikh, yeye hakusema. Tulikuwa hatuna pa kwenda. Hatuna mpaka leo. Nipige mie."

Uso wa Sheikh ulikuwa umelegea kama wa mtu anayetafuta njia ya kuliacha jambo lipite, na huenda angeipata. Alishika fimbo kwa mikono miwili. "Mwenye shida husema mengi," akaanza. "Nami nilikuwa pia mgeni kwenye nchi ya watu, Pemba..."

"Na Rahila aliniomba ukumbi," Masouda akasema.

"Nini?"

"Kabla ya kuzaa. Alikuja akaniomba mkeka mmoja hapo ndani, yeye peke yake, kwa kuwa anazimia na joto. Nikamkatalia. Nikamwambia eda imenikataza, ili asinione tumbo."

Kule ng'ambo wafanyakazi walikuwa wakigonga sufuria kulisafisha. Sheikh alisikiliza mlio huo mpaka ulipokoma. Akauweka mfuko wa mchele chini, juu ya ukingo wa baraza, kwa uangalifu usiohitajika.

"La mimba ningemwachia Mungu," akasema. "La ukumbi siwezi. Ijumaa mtoke."

Akashuka ngazi. Bi Mahbuba akakaa pale pale kizingitini, akamuuliza mkwewe watakwenda wapi, akamuuliza tena. Masouda akamwambia hajui. Kisha akaingia ndani kukunja mikeka, maana Ijumaa haikuwa mbali, na Muhsina akamsaidia kushika upande wa pili.